Kikombe cha Mtani

Jirani yangu hapa Lindi husugua masufuria kwa jivu la kumbi za nazi. Sabuni anayo, nimeiona, tena ya unga. Ila anasema jivu linang'arisha kuliko sabuni, na kweli vyombo vyake vinang'aa mpaka mtu anaweza kujitazamia wakati wa kufunga kilemba. Kila asubuhi akianza kazi hiyo mimi nafunga dirisha. Ameshaninunia. Anadhani namringia, kwamba mwalimu mzima naona jivu ni uchafu. Siwezi kumweleza kuwa harufu ile, jivu linapokutana na maji, inanijaza mate mdomoni, yale mate ya mtu anayekaribia kutapika, na ulimi unarudi nyuma wenyewe.

Tangu tumzike Bibi ndiyo imezidi. Nilitaka nimlilie kama wajukuu wanavyolilia bibi zao, maana alinipenda, Mungu shahidi, alinipenda kupita wote. Naanza kulia, halafu jirani anamwaga maji kwenye jivu, na machozi yanakatika hapo hapo. Kinachobaki ni kinyaa. Nyinyi mliokua wakati mmoja nami, kwenye nyumba zilizokuwa na mtoto wa kazi, mtanielewa, na mkijifanya hamnielewi shauri yenu.

Nyumba yetu ilikuwa Kivinje, Kilwa. Mwenye nyumba alikuwa Bibi, mama yake Baba, na sisi sote tulikuwa wake. Baba alifanya biashara ya ng'onda, samaki wa kukausha, na kamba wakavu, akishinda njiani. Siku akiwepo alikula, akalala, akaondoka. Mama alikuwa na neno moja tu mbele ya mkwewe: "Haya, Mama." Mtaa mzima ulimwita Bibi Bi Mkubwa, nami nikiwa mjukuu wake pekee ndani ya nyumba ile, niliokota heshima zake kila nilipopita.

Dukani nilipitishwa mbele ya watu wazima. "Mpe kwanza mjukuu wa Bi Mkubwa, asichelewe." Kwenye chuo cha Kurani nilikaa karibu na maalim, pale mkeka haujachanika. Shuleni, wenzangu wakipangwa kubeba ndoo za maji kupeleka nyumba za walimu, mimi nilipewa daftari la mahudhurio nilishike. Nilikuwa nalishika kwa mikono miwili, kifuani, nikiwatazama wenzangu wakilowa mgongo. Unajua nilidhani ni nini? Nilidhani nina nyota. Nilidhani mimi ni mtoto mwenye sura ya kupendwa, na hao wengine, masikini, Mungu hakuwajalia sura hiyo.

"Sisi ni watu wa mji," Bibi alikuwa akisema, akivuta ncha ya kanga kuziba pua kila mtu wa bara akipita na mzigo wake. Alikuwa anaziba hata kama mtu mwenyewe ametoka kuoga.

Nilikuwa na miaka sita Mtani alipoletwa. Alikuja na mama yake kutoka Kilangala, kule Lindi mashambani, wamebeba kikapu cha korosho na mihogo mibichi ambayo bado ilikuwa na udongo. Yule mama alikaa chini kwenye mkeka ingawa viti vilikuwepo. Mtoto alikuwa amenizidi kama miaka miwili hivi, mwembamba, macho makubwa, amevaa gauni ambalo pindo lake limeshushwa mara mbili. Mistari ya mapindo ya zamani ilionekana. Nakumbuka mama yake akisema, "Asaidie kazi, Bi Mkubwa, sikatai. Ila asome. Hilo tu. Kwetu shule iko mbali, na baba yake ndiyo hivyo, hayupo."

"Atasoma na mwenzake huyu," Bibi akajibu, akinishika kichwa. "Watatoka pamoja, watarudi pamoja. Kwani nyie Wamwera si watani zetu? Mtani ni ndugu." Halafu akacheka. "Ila panya wenu muwaache huko huko!"

Mama yule naye akacheka, kwa kuwa huo ndio utani wenyewe, na mtu hakasirikii utani. Akaondoka na basi la mchana. Kuanzia siku ile yule mtoto aliitwa Mtani, na mimi, wallahi, nilidhani ndilo jina lake. Aliambiwa aniite dada. Alinizidi umri, akaniita dada, na mimi nikaitika.

Utani nilikuwa naujua. Kulikuwa na fundi mmoja wa kuezeka, Mmwera, mzee mwenye mdomo, aliyekuwa akija kurekebisha makuti ya jiko. Bibi akimwona tu: "We mla panya, leo umekuja kula paka wangu?" Naye juu ya paa: "Nakuja kuwafanyieni kazi, wavivu nyie! Mnashinda barazani mnangoja korosho zetu!" Bibi alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu, na chai ya mzee yule ilikuwa na maziwa. Basi siku moja Mtani, ambaye alikuwa anaambiwa habari za panya asubuhi, mchana na jioni, akajaribu na yeye. Bibi alikuwa anakula pweza. Mtani akasema kwa sauti ndogo, akitabasamu: "Na nyie watu wa pwani mnakula mdudu hana hata mfupa."

Kofi lilimkuta kabla hajafunga mdomo. "Unanizoea?" Bibi akasema. "Unanizoea mimi?"

Nilimhurumia Mtani siku ile, lakini nilimhurumia vibaya. Nilifikiri hajui kutania. Nilifikiri amekosea maneno, kwamba yule fundi alijua namna ya kuyasema na yeye hajui. Nikamfuata jikoni nikamfundisha. "Ungesema wavivu," nikamwambia. "Wavivu ndiyo inachekesha." Alikuwa anapuliza moto, shavu moja limevimba, akaniitikia, "Sawa, dada."

Sasa kikombe. Kilikuwa cha bati, cheupe, chenye mdomo wa bluu uliobanduka, kimening'inizwa kwenye msumari ukutani mwa jiko la uani, kwa nje. Kilikuwa cha Mtani. Sisi wengine tulikunywa kwa vikombe vya ndani, vilivyochanganyika, leo hiki kesho kile. Na wageni walitolewa bilauri za kabatini, zile zenye mstari wa dhahabu. Mtani peke yake ndiye aliyekuwa na kikombe chake mwenyewe, na msumari wake mwenyewe. Nilikionea wivu kikombe kile, jamani. Nililia nikitaka msumari wangu. "Mbona Mtani ana chake?" nikamuuliza Mama. Mama akaangalia chini, akaendelea kuchambua mchele.

Siku moja ya joto, nimetoka shule, Mtani hayupo jikoni, nikapanda juu ya kinu nikakitungua. Nikachota maji mtungini, nikanywa taratibu, macho nimeyafumba, kama mtu anayefungua zawadi. Maji yenyewe yalikuwa yale yale. Nilipofumbua macho Bibi alikuwa mlangoni.

Sikuwahi kumwona vile. Hakunipiga. Alikuja mbio, mwanamke ambaye hakimbii, akanishika taya akanifungua mdomo. "Mtani! Lete jivu! Lete na chumvi!" Mtani akatokea uchochoroni. Alileta jivu kwenye kifuu cha nazi, akaleta na kikopo cha chumvi, akasimama akivishika wakati Bibi anachovya kumbi na kunisugua ulimi. Alinisugua ulimi, meno, ndani ya mashavu. Jivu likaingia puani. Nikatapika, akanisukutua, akasugua tena. "Kila mtu na chake," alikuwa akisema, akihema. "Kila mtu na chake! Wewe ni wa kuokota okota? Unajua huyu kwao wanakula nini? Unajua mdomo wake umegusa nini?" Alikuwa anasema hayo na mwenye mdomo amesimama hatua moja, ameshika kifuu, amenyoosha mkono kusudi Bibi asihangaike kuinama.

Najaribu kukumbuka uso wa Mtani dakika ile na sikumbuki. Nakumbuka mkono tu na kifuu. Nilikuwa nalia kwa ajili ya ulimi wangu.

Lakini somo liliingia. Aka! Liliingia sawasawa. Tangu siku ile, Mtani akinipa kitu cha kula nilikitazama kwanza. Akionja mchuzi kwa kijiko, nilikuwa naona mate yake yanaelea. Hakuna aliyeniambia tena, nilijisimamia mwenyewe. Ukimfundisha mtoto kuogopa moto, ataogopa moto, na ukimfundisha kuona kinyaa kwa mtu anayempikia, anayemfulia na kumbebea mkoba mpaka getini, basi ataona. Na akiona, anajiona msafi. Hiyo ndiyo sehemu inayonichefua zaidi, jinsi nilivyojiona msafi.

Mkoba, ndiyo. Alikuwa ananibebea mkoba. Shule hakwenda. Mwaka wa kwanza Bibi alisema azoee kwanza mji. Wa pili akasema nafasi zimejaa. Kila asubuhi alinisindikiza mpaka getini pa shule, akanikabidhi mkoba wangu, akabaki amesimama nje ya uzio mpaka tumalize kuimba. Akirudi nyumbani alikuwa anaimba zile nyimbo zetu za darasani akitwanga, zote, kwa mpangilio, bila kukosea. Wakati mwingine aliokota mkaa akaandika sakafuni, namba alizoziona ubaoni kupitia dirisha. Aliniuliza, "Dada, hii ndiyo ngapi?" Nikimwambia, alikuwa anairudia siku nzima.

Ndipo likaja zoezi la kuandikisha watoto. Mwalimu mmoja na mjumbe wa mtaa walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amefikia umri na hajaandikishwa. Habari zilitangulia asubuhi, dukani, na Mtani ndiye aliyezileta. Siku hiyo alimaliza kazi mapema. Alioga. Alijipaka mafuta miguuni, ya nazi, akasuka nywele mwenyewe bila kioo, akavaa lile gauni lenye mistari ya mapindo, akasimama pembeni ya ukuta wa jiko, pale ambapo mtu wa ukumbini angeweza kumwona kama angetaka. Nilimwona. Nilidhani anakwenda harusini.

Mwalimu alikuwa wa darasa langu la pili. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa. Bibi akamtolea maji kwa bilauri yenye mstari wa dhahabu. "Mimi mjukuu wangu ni huyu mmoja," Bibi akasema, "na mnaye tayari." Mwalimu akamgeukia mjumbe. Mjumbe alikuwa anakuja kwetu karibu kila Ijumaa baada ya swala, wali wa nazi wa Bibi anaujua mpaka chumvi yake, na maji ya kunawa aliletewa na Mtani. Alikuwa anatazama kobazi zake miguuni.

Mwalimu labda alikuwa amesikia kitu. Akanivuta karibu, akainama. "Mwanaidi, wewe ni mwanafunzi wangu mzuri, husemi uongo. Humu ndani kuna mtoto mwingine?"

Nilisimama kama tulivyofundishwa, mikono nyuma, mguu mmoja mbele kidogo. Nikasema kwa sauti, ili mwalimu afurahi: "Hapana, mwalimu. Kuna Mtani tu."

Walicheka. Bibi alicheka, mjumbe akacheka kwa kuhema, mwalimu naye akacheka, kwa kuwa ni nani asiyecheka mtoto akisema jambo la utani mbele ya wakubwa. Mwalimu akafunga daftari. Bibi alinipa kashata mbili, na mimi nikajua nimejibu vizuri.

Sikusema uongo. Nataka mlielewe hilo, maana watu hunifariji kwa kuniambia nilikuwa mtoto, niliogopa. Sikuogopa chochote. Ningesema uongo ningekuwa na la kutubu. Mimi niliulizwa kama kuna mtoto mwingine, nikatazama moyoni mwangu kwa ukweli kabisa, na sikumwona.

Nilipotoka uani na kashata zangu, Mtani alikuwa ameshavua gauni, amejifunga kanga, anasugua sufuria. Nilimmegea kashata. Niliiweka juu ya kinu nisiguse mkono wake. Akasema, "Ahsante, dada," lakini hakuila, na kuku wakaja wakaidonoa.

Mwaka uliofuata mama yake alikuja. Alikuwa ameuza korosho zake, amenunua madaftari mawili na penseli, amevifunga kwenye kitambaa. Alimkalisha binti yake kwenye mkeka, akafungua daftari moja, akasema kwa furaha kabisa, "Haya, mwandikie mama jina lako." Mtani akashika penseli kama anavyoshika mkaa. Akaandika namba, moja mpaka tano. Zilikuwa nzuri, zimenyooka. Akaacha hapo.

Yule mama hakupiga kelele. Alimtazama Bibi, Bibi akaanza habari za nafasi kujaa, za mtoto mwenyewe kupenda jiko kuliko kitabu. "Tunashukuru, Bi Mkubwa," mama yule akasema. "Zainabu, funga mzigo wako."

Nikamvuta Mama kanga. "Zainabu ni nani?"

Yale madaftari yule mama alinipa mimi. "Yatumie wewe, mwanangu, mchwa wasije wakayala." Nikayachukua. Ukurasa wenye zile namba tano niliuchana, kwa sababu mwalimu wetu hakutaka daftari lililochafuliwa, na mengine yote niliyajaza. Nilisoma sana mwaka ule, nikashika namba moja.

Kikombe kilibaki msumarini. Akaja mtoto mwingine, kikawa chake.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, tunasema, na tukishasema tunajiona tumetubu. Mimi nilikwenda sekondari, nikaenda chuo, nikapangiwa kazi Lindi. Leo ni mwalimu. Nawafundisha watoto wa watu herufi, na zoezi la kuandikisha likifika nami napita nyumba kwa nyumba. Nimeshawatoa watoto watatu majikoni kwa watu kwa sauti hii hii, na nikadhani nimelipa.

Bibi alifariki mwaka huu, amezeeka vizuri, amezungukwa na watu. Siku ya tatu, siku ya kuanua tanga, asubuhi, mwanamke mmoja alishuka kwenye bodaboda pale pale Kivinje, na kiroba cha mihogo. Alikuwa mnene kidogo, buibui safi, anatembea kama mtu mwenye shamba lake. Mama ndiye aliyemtambua, akaweka mkono mdomoni. "Zainabu?"

"Mimi, Mama. Shikamoo. Tumesikia tumefiwa." Alituamkia wote, akatupa pole mmoja mmoja, akafika kwangu. "Pole, dada."

Alikaa na wanawake. Aliokota sindano iliyokuwa imeanguka kwenye mkeka, akamrudishia mwenyewe, akapokea ujumbe kwenye simu, akaninyooshea. "Nisomee, dada, macho yangu yananisumbua." Ulikuwa wa mwanawe aliyeko bwenini, kidato cha kwanza, anaomba godoro. Nikasoma. Sote wawili tulijua habari za macho, na sindano ilikuwa bado mkononi mwa yule mwanamke mwingine.

Baada ya hitima wanaume walitoka barazani, wanawake tukabaki uani, na mzigo wa siku tatu ulianza kutushuka mabegani. Ndipo watani hufanya kazi yao. Nyinyi mnajua: mtani anaruhusiwa. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, anachekesha wafiwa, na hakuna wa kumzuia, maana ni haki yake na ni dawa kwa mwenye huzuni. Zainabu aliingia ndani, akatoka amejifunga kanga za Bibi, miwani ya Bibi puani, mkongojo mkononi. Akakaa kwenye kiti chake. Akavuta ncha ya kanga, akaziba pua.

"Sisi ni watu wa mji!"

Wallahi ilikuwa sauti yenyewe. Shangazi yangu, dada yake Baba, alianguka kwa kicheko. "Ndiye! Ndiye mama mwenyewe!" Watu walicheka machozi yakiwatoka, nami nilicheka, nilikuwa sijacheka siku tatu.

"Mtani! Chako kile pale msumarini. Ukigusa cha kabatini nitakuvunja vidole!" Vicheko. "Mla panya wewe! Mdomo wako umegusa nini?" Vicheko, lakini vya wageni zaidi, sisi wa nyumba tulikuwa tumepunguza kucheka.

Kisha akavua miwani, akanenepesha sauti, akawa mwanamume. "Mwanaidi, wewe ni mwanafunzi wangu mzuri, husemi uongo. Humu ndani kuna mtoto mwingine?" Akasimama. Akaweka mikono nyuma. Akatanguliza mguu mmoja kidogo. Na kwa sauti nyembamba, ya mtoto anayetaka kusifiwa, akasema: "Hapana, mwalimu. Kuna Mtani tu."

Wageni waliangua kicheko. Mama alikuwa anatazama mikono yake. Shangazi alikuwa amefunga mdomo kama mfuko. Jirani mmoja mwanamke, mkorofi siku zote, akatutazama sisi wa nyumba akasema, "Mkuki kwa nguruwe, eeh? Mbona hamcheki?"

"Mtani ana kiu," Zainabu akasema, na sasa alikuwa ananitazama mimi. "Hatoki hapa mpaka mfiwa amnyweshe. Tena kwa cha kabatini."

Nilikwenda mbio. Nilifungua kabati, nikachukua bilauri yenye mstari wa dhahabu, nikaijaza, nikamletea nimepiga magoti. Akanywa nusu, taratibu. Akanirudishia. "Malizia, dada. Mtani hanywi peke yake."

Nikaipokea, nikanywa mpaka tone la mwisho. Sikusita. Wanawake walipiga vigelegele, mtu akalia, Mama alinishika bega. Na nikajisikia mtu mwema, nakiri hilo. Nikajisikia nimemaliza, kwamba jambo la miaka yote ile limekwisha kwa nusu bilauri ya maji, mbele ya mashahidi. Zainabu alikunja zile kanga, akaziweka kwenye kiti, akaingia jikoni kusaidia vyombo.

Wakaendelea na mazungumzo, na mimi nikachukua bilauri nikaioshe. Bomba letu liko nyuma ya jiko. Nikaisuuza, nikaiweka. Nikakinga maji kwa kiganja. Nikasukutua, nikatema. Nikakinga tena, nikaingiza kidole, nikasugua ulimi, mpaka nyuma kabisa, nikatema. Msiniambie labda ulikuwa udhu. Siku zile sikuwa na swala, wanawake mnanielewa. Mkono ulijiendea wenyewe, kwa mazoea, kama mkono wa mtu anayefunga mlango akitoka. Nilikuwa nimekinga mara ya tatu, mashavu yamejaa, ndipo nikageuka.

Zainabu alikuwa amechuchumaa chini ya ukuta na masufuria, mikono imejaa jivu mpaka viwikoni. Juu ya kichwa chake kile kikombe kilikuwa msumarini. Sijui alikuwa amenitazama tangu lini. Alisukuma kifuu kwa mguu, kikaburuzika mpaka karibu na miguu yangu.

"Jivu hili hapa, dada," akasema. "Na chumvi iko kwenye kikopo, pale pale."

Hakuwa anatania. Nilisimama na yale maji mdomoni, nisijue niyateme au niyameze.